Maumivu yatulizwe huku chanzo kikitafutwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Mimi ni mfamasia wa hospitali. Kabati la mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, liko chini ya mkono wangu: ufunguo, daftari, sahihi mbili kila ampuli (kichupa cha dawa ya sindano) inapotoka, na hesabu inayofungwa kila zamu zinapopokezana. Nalitaja hilo mapema ili msomaji ajue kwamba haya yanaandikwa na mtu anayeiheshimu dawa hiyo na anayejua vizuri inavyoweza kudhuru. Ninachotaka kusema ni kwamba mgonjwa anayefika idara ya dharura na maumivu makali yaliyomshika ghafla anastahili kutulizwa mapema, hata kama hakuna anayejua maumivu yametoka wapi. Kumwambia avumilie mpaka chanzo kijulikane ni kumtesa, na mateso hayo hayamsaidii daktari kwa lolote.

Jambo hili nimelishuhudia kwa karibu mno. Mdogo wangu wa kike aliamshwa usingizini na maumivu ya upande wa kulia, chini ya mbavu na kwenda mgongoni. Alilala mzima. Hakuwa ameanguka, hakuwa na homa, na hakuwahi kupasuliwa tumbo. Kutoka kusikia kitu kinamchoma mpaka kushindwa kusimama wima hazikupita dakika nyingi. Nilimkimbiza hospitali iliyokuwa karibu, ambayo siyo ninayofanyia kazi, na sitaitaja jina, kwa sababu niliyoyakuta pale yapo mahali pengi.

Nesi wa mapokezi alifanya kazi yake haraka. Alipima presha, akahesabu mapigo na pumzi, akaweka kipimajoto, akambana kidole kwa kile kifaa cha oksijeni. Kila namba aliiandika kwenye kisanduku chake. Kisanduku cha mwisho kiliandikwa "Maumivu, 0 hadi 10", na hicho alikiruka. Nilikuwa nimesimama nyuma ya bega lake, nikakiona kikibaki cheupe. Wakati huohuo mdogo wangu alikuwa amepiga magoti sakafuni, viwiko juu ya benchi, ameuma upindo wa shuka tuliyomfunika, kwa sababu kukaa hawezi na kulala hawezi.

Nikamwomba nesi ampe kitu cha kutuliza. Akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, tukimpa dawa sasa hivi tutauficha ugonjwa. Daktari akija hataona kitu. Mtieni moyo avumilie."

"Hata paracetamol ya mshipa, sista?"

"Hata hiyo. Mpaka daktari amshike tumbo kwanza."

Simlaumu yule nesi. Alisema alichofundishwa, na nadhani aliyemfundisha naye alifundishwa hivyohivyo. Daktari wa zamu alipofika alijaribu kumshika tumbo. Mdogo wangu akausukuma mkono wake na kujikunja upya. Daktari akajaribu tena, akaandika kwamba tumbo limekaza lote, akaagiza vipimo vya damu, mkojo na ujauzito, kisha akaondoka na agizo lilelile: dawa ya maumivu isubiri. Tukasubiri. Sitaki kueleza urefu wa kusubiri kule, maana aliyewahi kukaa na mtu wake katika hali ile anajua, na asiyewahi hawezi kuupima kwa saa ya ukutani.

Zamu ilipobadilika aliingia daktari mwingine. Swali lake la kwanza, kabla hata ya kufungua faili, lilikuwa: "Maumivu ni ngapi kwa kumi?" Mdogo wangu alifungua vidole vyote vya mikono miwili. Daktari akaagiza mofini, miligramu chache tu polepole kwenye mshipa, na sindano ya kuzuia kutapika. Akamwambia nesi kwamba dakika chache baadaye watamuuliza tena, na kama bado ni kali wataongeza kidogo. Kisha akavuta kiti akakaa.

Kilichofuata ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Mofini ya mshipa huanza kufanya kazi ndani ya dakika 5 hivi, na hufika kileleni karibu dakika ya 20. Kabla ya kileleni huko mdogo wangu alijigeuza mwenyewe akalala chali na kunyoosha miguu. Ndipo uchunguzi wa kweli ulipoanza. Daktari aliweza kubonyeza tumbo pembe moja baada ya nyingine, na tumbo lililoandikwa kwamba limekaza lote likaonekana ni laini kila mahali isipokuwa sehemu moja. Aliweza kugonga kidogo mgongoni usawa wa figo. Aliweza kubonyeza chini ya mbavu za kulia huku akimwambia avute pumzi ndefu, namna ya kukichungulia kifuko cha nyongo kwa mkono. Na mgonjwa sasa aliweza kujibu maswali: yalianza vipi, yalifika ukali wa juu kwa muda gani, yanakaa palepale au yanakuja kwa mawimbi, mara ya mwisho aliona siku zake lini, ametapika kabla ya kuumwa au baada. Yote hayo, daktari wa kwanza hakuyapata. Kwa hiyo dawa iliyosemekana kwamba ingeuficha ugonjwa ndiyo iliyomruhusu mtu kuutafuta.

Chanzo walikitafuta kweli. Ultrasaundi: kifuko cha nyongo hakina mawe, figo hazijavimba, ovari ziko sawa, hakuna maji wala damu tumboni. Kipimo cha CT, eksirei ya kompyuta inayopiga picha za ndani ya mwili kwa vipande, nacho hakikuonyesha kitu. Damu ilikuwa safi, mkojo safi. Mchana maumivu yakapungua yenyewe, jioni yakaisha, na mpaka leo hayajarudi. Pengine lilikuwa jiwe dogo lililopita njia zake kabla ya picha kupigwa, pengine siyo. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa pameandikwa: "Maumivu ya tumbo, chanzo hakikujulikana."

Sasa naomba msomaji aichukue ile kanuni ya kusubiri chanzo aiweke kando ya karatasi hiyo. Kama ingefuatwa mpaka mwisho, mdogo wangu asingepewa dawa hata kidogo, kwa sababu chanzo hakikupatikana kabisa. Na yeye si ajabu ya dunia. Muulize daktari yeyote wa dharura atakwambia kwamba maumivu ya tumbo yasiyopata jina ni miongoni mwa mambo wanayoyaandika kila siku. Watu hao wote waliumwa kweli, na mwisho wa kusubiri kwao haukuwepo.

Kanuni yenyewe ina historia, na ni vizuri ijulikane ili watu wasiidhani imeshuka kutoka mbinguni. Mwaka 1921 daktari wa upasuaji wa London, Zachary Cope, alitoa kitabu kuhusu kutambua mapema magonjwa ya ghafla ya tumbo. Kilisomwa na vizazi vya madaktari, na ndani yake alionya mofini isitolewe kabla ya ugonjwa kutambuliwa. Kwa wakati wake alikuwa na hoja. Daktari wa 1921 alikuwa na mikono yake, masikio yake na eksirei hafifu. Ultrasaundi ya tumbo haikuwapo. Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha picha zao za kwanza za namna hiyo mwaka 1958. CT haikuwapo, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha kwa mashine ya Godfrey Hounsfield mwaka 1971. Naloksoni, dawa inayoifuta mofini mwilini ikizidi, iliruhusiwa kutumika Marekani mwaka huohuo wa 1971. Mgonjwa wa Cope akizidiwa na sindano hapakuwa na wa kumrudisha kwa urahisi, na akilala usingizi hapakuwa na picha ya kumwangalia ndani. Sisi tunavyo vitu hivi, lakini tumeendelea kushika onyo la mtu asiyekuwa navyo. Hata matoleo ya baadaye ya kitabu chake, yaliyoendelezwa na daktari mwingine, yaliigeuka kauli hiyo na kuita kumnyima mgonjwa dawa kuwa ni ukatili.

Na jambo hili halikuachwa kuwa la maoni tu. Majaribio yamefanywa: wagonjwa wenye maumivu makali ya tumbo wamegawanywa, wengine wakapewa dawa za jamii ya mofini, wengine sindano ya maji ya chumvi, kisha madaktari wakawachunguza bila kujua nani kapewa nini. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyakusanya majaribio hayo. Waliopewa dawa walipata nafuu, na madaktari hawakukosea utambuzi zaidi kwa sababu yake. Nimewapelekea wenzangu wengi wa kazi maandishi hayo. Wanasoma, wanakubali, halafu zamu ya usiku ikifika wanasema "subiri daktari amshike tumbo." Mazoea ni kitu kigumu.

Lakini hofu ya yule nesi ina chembe moja ya ukweli ambayo sitaki kuiruka. Maumivu ni habari. Yanasema kitu. Kuna magonjwa ambayo maumivu ndiyo dalili pekee ya saa za mwanzo, wakati vipimo vingine vyote bado vinatabasamu. Mshipa unaopeleka damu kwenye matumbo ukiziba, mgonjwa hulia kwa maumivu makubwa huku tumbo likishikwa ni laini tu; ile tofauti, kwamba anaumwa kuliko mkono unavyoona, ndiyo inayotakiwa kumshtua daktari. Mshipa mkuu wa damu ukichanika kwa ndani, huja kama kitu kinararuka kifuani au mgongoni, na mapigo ya moyo huweza kuonekana ya kawaida mwanzoni. Kichwa kinachopiga ghafla na kufika ukali wake wa juu ndani ya dakika moja kinaweza kuwa damu inayovuja kuzunguka ubongo. Mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, tumbo likimkata ghafla na bega likaanza kuuma, lazima afikiriwe mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi na kupasuka. Kijana wa kiume akiamka na maumivu ya korodani, huenda imejisokota, na nafasi ya kuiokoa ni kubwa ndani ya saa 6 za kwanza, kisha hushuka upesi. Wapo vijana waliosema "tumbo linauma" kwa aibu na saa zikapita, kwa hiyo wazazi waulize na madaktari waangalie.

Kwa sababu maumivu ni habari, basi yaandikwe. Kile kisanduku cheupe kilinisumbua zaidi ya maneno ya nesi. Angeandika "10, ghafla, usingizini, upande wa kulia kwenda mgongoni", habari hiyo ingebaki kwenye faili kwa ajili ya kila daktari anayefuata, hata mgonjwa akishatulia. Ukiandika kwanza kisha ukatuliza, hakuna kilichofichwa. Usipoandika na usipotuliza, mgonjwa amekosa dawa na daktari amekosa habari. Nafikiri huku ndiko wengi wanakojichanganya: wanadhani mgonjwa akiendelea kulia ndivyo ugonjwa unavyohifadhiwa mpaka bingwa afike.

Hatari iliyopo kweli ni nyingine. Ni pale mgonjwa anapotulia na watu wakamsahau, wakadhani amepona, wakamwacha kwenye kona na vipimo havijasomwa. Hilo ni kosa la uangalizi, na dawa yake ni uangalizi. Mtu aliyepewa mofini anatakiwa aangaliwe pumzi na presha, aulizwe namba ya maumivu baada ya robo saa na kuendelea, na vipimo viende palepale. Maumivu yakikataa kushuka baada ya dozi ya kutosha, hiyo nayo ni ishara ya kumwita daktari wa upasuaji upesi. Wala si kila mtu anahitaji mofini. Kwa maumivu ya mawe ya figo, diklofenaki na ndugu zake hufanya kazi nzuri sana na mara nyingi ndizo hutangulizwa, mradi figo za mgonjwa ni nzima na hana vidonda vya tumbo. Paracetamol ya mshipa inawafaa wengi kuliko watu wanavyodhani. Presha ikiwa chini au mgonjwa hapumui vizuri, dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Hayo yote ni kazi ya kawaida kwetu, yana vitabu na yana vipimo.

Kuhusu uraibu, nasikia hoja hii kila wiki na naichukulia kwa uzito, kwa kuwa daftari ninalolisaini lipo kwa ajili hiyo. Marekani imepata msiba mkubwa wa uraibu wa dawa za maumivu, ulioanza miaka ya 1990 pale vidonge vikali vilipoanza kuandikwa kwa wingi, vya kwenda navyo nyumbani, kwa maumivu ya miezi na miaka. Sindano ya miligramu chache inayotolewa na nesi kitandani, mgonjwa akiangaliwa, kwa maumivu ya saa kadhaa, ni jambo tofauti. Mkataba wa kimataifa wa dawa za kulevya wa mwaka 1961, ambao ndio msingi wa makufuli yote ninayoyafungua na kuyafunga, unasema katika utangulizi wake kwamba matumizi ya kitabibu ya dawa hizi ya kupunguza maumivu hayawezi kukosekana na kwamba dawa lazima zipatikane kwa kazi hiyo. Sisi tumeshika nusu ya makufuli na kuiacha nusu ya upatikanaji.

Wapo wanaoongeza kwamba watu huigiza. Ni kweli, wachache huja wakitafuta dawa, na wafanyakazi wa usiku huwafahamu. Lakini nikiweka kwenye mizani dozi moja ndogo iliyopotea kwa mwigizaji, na mtu mmoja aliyeachwa akigaagaa kwa sababu alidhaniwa mwigizaji, sioni ugumu wa kuchagua. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Jumuiya ya Kimataifa ya Utafiti wa Maumivu, ilipotoa maana yake mpya ya maumivu mwaka 2020, iliandika waziwazi kwamba mtu akisema anaumwa, kauli yake iheshimiwe, na kwamba asiyeweza kusema haina maana haumwi.

Hilo la kutosadikiwa haliwapati watu wote kwa usawa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008, uliofanywa katika idara ya dharura ya hospitali moja ya Philadelphia, uliwafuatilia watu waliofika na maumivu makali ya tumbo. Wanawake walisubiri takriban dakika 65 kabla ya kupewa dawa, wanaume dakika 49, na wanawake walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupewa dawa za jamii ya mofini ingawa namba zao za maumivu zilifanana. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule daktari wa kwanza akimuuliza mdogo wangu, aliyekuwa hawezi hata kujibu, kama ana wasiwasi wa jambo lolote nyumbani. Wenye selimundu wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Wanafika na maumivu yanayovunja mifupa, na kwa kuwa wanafika mara kwa mara na wanaitaja dawa kwa jina lake, wanatazamwa kwa jicho baya. Miongozo ya Uingereza ya mwaka 2012 inataka wapewe dawa ndani ya dakika 30 tangu kufika. Ile ya madaktari wa damu wa Marekani ya mwaka 2020 inasema ndani ya saa moja. Hakuna mwongozo hata mmoja kati ya hiyo unaosema wavumilie kwanza.

Na wala hatuhitaji kubuni mfumo mpya. Katika mfumo wa Manchester wa kupanga wagonjwa wa dharura, na katika ule wa Afrika Kusini, maumivu makali peke yake, hata presha ikiwa nzuri, humpa mgonjwa rangi ya chungwa, inayofuata nyekundu, na anatakiwa aonwe ndani ya dakika 10. Idara nyingi zinazotumia mifumo hii zimebandika chati zake ukutani. Pale tulipokwenda ilikuwepo, ya rangi, juu ya meza ya nesi. Kisanduku kisipojazwa, chati haina cha kusoma.

Kwa ndugu wa mgonjwa nina machache ya kusema. Ukimleta mtu, mtaje saa maumivu yalipoanza na alikuwa anafanya nini, kwa sababu "ghafla" ya dakika moja na "ghafla" ya tangu jana ni magonjwa tofauti. Sema kila dawa aliyomeza kabla ya kuja, na kiasi chake. Madaktari hawatamnyima kwa sababu hiyo, watapanga tu isizidi. Sema kama kuna uwezekano wa ujauzito hata kama mwenyewe anaona haya. Mwambie mgonjwa asijikaze kiume wala kike. Wapo wanaonyamaza kabisa wanapoumwa, na mwenye utando wa tumbo uliowaka mara nyingi hulala kimya bila kujitikisa kwa sababu kila mtikisiko unamuua, wakati mwenye jiwe la figo hugaagaa na kupiga kelele. Anayelia zaidi siyo lazima awe ndiye mgonjwa zaidi. Ukiona kitu kimebadilika, maumivu yamehama, amepauka, ametokwa jasho la baridi, amezimia, nenda ukaseme tena, hata kama ulishasema. Na akiruhusiwa bila chanzo kujulikana, omba uandikiwe ni dalili gani zikitokea arudi siku hiyohiyo. Mdogo wangu aliandikiwa: homa, kutapika kusikokoma, maumivu kurudi, kuzimia, damu. Karatasi hiyo ilitusaidia kulala usiku ule.

Kwa wasimamizi wa idara za dharura ombi langu ni la utaratibu. Nesi wa mapokezi aruhusiwe kwa maandishi kutoa dozi ya kwanza, ya paracetamol au diklofenaki na, pale alipofunzwa na kuna wa kumwangalia mgonjwa, ya mofini, bila kusubiri daktari atoke chumba cha upasuaji. Mahali pengi duniani manesi wanafanya hivyo na wanafanya vizuri. Faili lisipokelewe wodini wala kwenye chumba cha picha kama kisanduku cha maumivu ni cheupe, kama vile lisivyopokelewa bila presha. Na namba ya pili, ile ya baada ya dawa, iwe na kisanduku chake.

Kwa wafamasia wenzangu, tusiwe kikwazo. Mofini inayokaa stoo kuu, ambayo usiku imefungwa na mwenye ufunguo yuko nyumbani, kwa mgonjwa wa saa nane za usiku ni sawa na haipo. Iwekwe akiba ndogo kwenye kabati la chuma ndani ya idara ya dharura yenyewe, na daftari lake, na naloksoni kando yake. Hesabu itaongezeka, najua, na kuna asubuhi haitalingana mpaka tutafute ampuli iliyovunjika kwenye ndoo ya taka. Niko tayari kwa hesabu hiyo.

Wako,
Mfamasia, msomaji wa gazeti lako